Dola Moja kwa Mstari

Katika miaka ya tisini nilikuwa Seattle, mwanangu, na bei iliyokuwa midomoni mwa watu wa kompyuta ilikuwa dola moja hivi kwa kila mstari wa programu utakaorekebishwa. Benki kubwa ilikuwa na mamilioni ya mistari hiyo, mingi imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya COBOL enzi za kadi za matundu, kadi ambayo haikubeba zaidi ya herufi 80. Nafasi ilikuwa ghali, basi mwaka ukaandikwa kwa tarakimu mbili tu. Ikifika 00, mashine ingehesabu kwamba ni 1900, na riba, pensheni na bima zote zingevurugika.

Ofisi yetu ilikuwa chini ya ardhi, ikinuka kahawa iliyoungua na wino wa printa. Jirani yangu alikuwa bibi wa Kimarekani mwenye mvi tupu, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, aliyeitwa kazini baada ya kustaafu. Alisoma mistari kwa kidole, taratibu, kama mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mwanafunzi. Mchana vijana walikuja na gazeti la senti 75, wakazungumza hisa tu, ambazo bei zake zilikuwa bado zikiandikwa kwa thumni. Ng'ambo ya ziwa, mjini Bellevue, ilikuwapo Data Dimensions, kampuni ya kazi hiyohiyo. California ilikuwapo Zitel, watengenezaji wa vifaa vya kuhifadhia data, ambayo hisa zake zilipaa mwaka 1996 kwa kuwa ilimiliki sehemu ya MatriDigm, kampuni iliyoahidi kurekebisha programu kwa mashine. Hata soko la hisa la Amex likaanzisha kipimo cha hisa kama hizo chenye jina la Peter de Jager, aliyepiga mbiu ya hatari hiyo mwaka 1993 katika gazeti la Computerworld. Bibi yule hakununua hata hisa moja. Akawauliza vijana: kazi hii mwisho wake unajulikana na kila mtu, Januari 2000 mtamuuzia nani?

Bei za hisa zilianguka bila kungoja hata hiyo Januari. Kampuni kubwa zilitumia wafanyakazi wao wenyewe, nyingine zikapeleka kazi India, na wengi wakachagua njia rahisi: kuiambia programu kwamba namba zilizo chini ya mpaka fulani ni za miaka ya 2000, zilizosalia ni za 1900. Wenye hisa wengi waliachwa na makaratasi.

Usiku wa mwaka mpya, siku aliyojiuzulu Rais Yeltsin wa Urusi, mashine zilivuka salama. Kesho yake watu wakasema tuliwadanganya, na hilo linaniuma mpaka leo, maana nilikuwapo nikiona makosa yakiondolewa mstari kwa mstari. Wala kazi haikuisha pale: 29 Februari ilikuwa mbele yetu, kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu na 2000 ulikuwa. Kisha mwaka 2020 baadhi ya programu zilizowekewa mpaka wa 20 zilikwama, zikahitaji tena mtu wa kuzisoma.