Safari ya Mtwara Kabla ya Msimu wa Korosho

Basi liliondoka Mbagala alfajiri, mwezi Agosti 2024, nami nimekaa dirishani nimepakata begi lenye kila nilichotumwa nacho: kompyuta mpakato, diski ya nje, nyaya za mtandao na daftari. Sikuwahi kuvuka Rufiji kwenda kusini, wala sikuwahi kutumwa peke yangu kuweka antivirusi kwenye seva za ofisi. Ofisi iliyonisubiri ni ya chama cha ushirika cha wakulima wa korosho mjini Mtwara. Oktoba minada ya korosho hufunguliwa, na kuanzia hapo seva haizimwi ovyo. Humo ndani mna kilo za kila mkulima, namba za stakabadhi za ghala na malipo yanayosubiriwa na watoto wenye ada za shule. Kazi yangu ilipaswa kwisha kabla ya msimu.

Mzee aliyenifundisha ufundi huu pale Kariakoo aliniaga kwa maneno machache. "Kijana, usifike ukaanza kuweka. Fika, kagua, andika, ndipo uweke."

Tulipita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja juu ya Mto Rufiji. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa kivuko, na mvua zikikolea watu wa kusini walikuwa kama wamekatiwa kamba. Hata siku ile barabara ilikuwa haijapona. Maeneo ya Somanga, ambako mvua na Kimbunga Hidaya vilikata njia mwezi Mei, tulikwenda mwendo wa taratibu kwenye vumbi la mchepuko, mitambo ya ujenzi pembeni. Jirani yangu, mama mkulima aliyekuwa anarudi Tandahimba, aliniuliza ninakokwenda. Nilipomweleza alitikisa kichwa akasema, "Mwanangu, mambo ya kompyuta siyajui. Ninachotaka ni kilo zangu nizikute kama nilivyozipima." Hapakuwa na maelekezo ya kazi yaliyozidi hayo kwa ubora.

Baada ya Nangurukuru na Lindi, jioni tuliiona ghuba ya Mikindani, mji mkongwe ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kutoka hapo Mtwara si mbali. Bandari ya Mtwara ina historia ambayo kila fundi angefaa kuijua. Ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Matrekta na mashine vililetwa kwa wingi kabla udongo na mvua za Kongwa, Urambo na Nachingwea hazijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na baadaye reli ikang'olewa. Mashine zilikuwa nzuri; ardhi ndiyo ambayo hakuna aliyeiuliza. Nililala na wazo hilo.

Asubuhi nilipokelewa na mhasibu mkuu, mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, Mtwara kuchele! Karibu." Kabla chai haijamiminwa akaniuliza lililokuwa moyoni mwake. "Mwezi uliopita tumesikia ndege zimekwama huko duniani kwa sababu ya hiyo hiyo antivirusi. Sasa wewe unatuletea nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, nikamjibu kwa ukweli. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili la kusasisha programu yake ya ulinzi. Faili lilikuwa na kasoro. Kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, kompyuta zilizopokea faili zilianguka kwenye skrini ya bluu na nyingi zikashindwa kuwaka tena. Faili liliondolewa saa 2 na dakika 27, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshaguswa, na nyingi zilihitaji mtu azifikie moja moja kwa mkono. "Antivirusi hupewa funguo za nyumba nzima, mama," nikamwambia. "Kwa hiyo leo siweki kitu. Leo nakagua."

Alinikabidhi kwa ofisa TEHAMA, kijana wa rika langu, akanipeleka chumba cha seva. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na mashine tatu zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya mbao. Ya kwanza, yenye Windows Server 2016, ilitunza akaunti za watumiaji na mafaili ya pamoja. Ya pili ilibeba hifadhidata ya malipo ya wakulima kwa SQL Server. Ya tatu ilikuwa kongwe, Windows Server 2008 R2, yenye programu ya zamani ya mizani na kumbukumbu za misimu iliyopita. Niliandika toleo la kila mfumo, kumbukumbu iliyopo, nafasi ya diski, programu zinazotumika na saa ambazo watu huzitumia zaidi.

Ukaguzi ulilipa mapema. Ofisa aliniambia seva ya malipo haina antivirusi, kwani ile ya zamani iliondolewa leseni ilipoisha. Kwenye orodha ya programu kweli haikuwepo. Nikafungua dirisha la amri nikaandika fltmc. Amri hiyo huonyesha vichujio vyote vinavyokaa kati ya programu na diski, kila kimoja na namba ya nafasi yake. Vichujio vya antivirusi hupewa namba kati ya 320000 na 329999, na pale palikuwa na kimoja kilichobaki kimewashwa, mabaki ya ile iliyodhaniwa imeondoka. Ningeweka antivirusi mpya juu yake, kila faili lingefunguliwa na walinzi wawili kwa wakati mmoja, mmoja akimsubiri mwenzake. Matokeo yake huwa seva nzito, inayoganda, au skrini ya bluu. Mhasibu nilipomweleza alicheka. "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Ndivyo ilivyo hasa.

Mabaki ya namna hiyo hayaondolewi kwa kufuta folda. Watengenezaji wengi wa antivirusi hutoa vifaa maalumu vya kusafishia bidhaa zao, nami nilikuja navyo kwenye diski ya nje, vimepakuliwa Dar es Salaam, pamoja na masasisho ya Windows na toleo kamili la antivirusi lisilohitaji intaneti wakati wa kusakinisha. Anayekwenda mikoani asitegemee bando kwa kazi ya seva.

Lakini kabla ya kusafisha, tulichukua nakala ya akiba ya seva nzima, kisha tukaijaribu. Nasisitiza neno kujaribu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Tuliirejesha kwenye kompyuta ya ziada isiyounganishwa na mtandao, tukafungua hifadhidata, na mhasibu akalinganisha jumla za malipo. Zilifanana. Kompyuta ile ikawa uwanja wetu wa majaribio.

Hapo nilimwonyesha ofisa jambo ambalo huumiza ofisi nyingi. Tuliweka antivirusi kwenye nakala ya majaribio bila mpangilio wowote, tukaagiza ripoti ya malipo ya msimu uliopita. Ripoti ilijikokota. SQL Server husoma na kuandika mfululizo kwenye mafaili makubwa ya aina ya mdf na ldf, na antivirusi ilikuwa inayachungulia kila yanapoguswa. Kisha tukaiambia iyaache mafaili hayo, pamoja na mchakato wa sqlservr.exe. Ripoti ikatoka kama ilivyozoeleka. Microsoft yenyewe hutoa mwongozo wa mafaili ya kuachwa kwa SQL Server, na kwa seva ya domeni, yaani ile inayotunza akaunti za watumiaji, kuna mwongozo wake, unaogusa hifadhidata ya ntds.dit, kumbukumbu zake za miamala na baadhi ya folda za SYSVOL.

Ruhusa hizi za kuacha mafaili bila kuchunguzwa zina hatari yake. Wadukuzi wanajua kwamba folda isiyochunguzwa ni maficho mazuri. Kwa hiyo hatukuruhusu diski nzima wala folda za watumiaji. Tuliruhusu yale tu yanayohitajika, na kila moja tukaiandika kwenye daftari la ofisi pamoja na sababu yake na jina la aliyeidhinisha.

Kazi yenyewe ya kusakinisha tuliifanya jioni, benki zimefungwa na ofisi imetulia. Tulianza na seva ya mafaili, kwa kuwa hata kama ingesumbua, malipo yangeendelea. Kwenye Windows 10, Defender ya Microsoft hujiweka pembeni yenyewe inapoona antivirusi nyingine. Kwenye Windows Server 2016 haijiweki. Msimamizi ndiye anayepaswa kuiondoa. Mafundi wengi hawalijui hili, na huishia kulaumu bidhaa mpya kwa uzito wa seva. Tulichomoa waya wa mtandao, tukaiondoa Defender, tukawasha upya, tukaweka antivirusi mpya toleo la seva, tukawasha upya tena, ndipo tukarudisha waya. Nasema toleo la seva kwa makusudi. Leseni ya bei nafuu ya kompyuta za mezani mara nyingi hukataa kabisa kusakinishwa kwenye seva, na hata inapokubali haina usimamizi unaofaa.

Usiku ule tuliiacha ifanye kazi. Asubuhi watumishi waliingia, wakafungua mafaili, wakachapa, hakuna aliyelalamika. Jioni iliyofuata tukaigeukia seva ya malipo: tukasafisha mabaki, tukathibitisha kwa fltmc kwamba kichujio kimeondoka, tukaweka mpya na ruhusa zilezile tulizozijaribu. Jambo moja tulilitarajia, na lilijitokeza. Ngome ya mtandao iliyokuja na antivirusi ilifunga poti 1433, ambayo kompyuta za wahasibu huitumia kuifikia SQL Server. Tuliifungua kwa anwani za kompyuta za uhasibu peke yake, nyingine zote zikabaki nje.

Kisha tukaijaribu kwa faili la EICAR, mstari wa herufi 68 usio na madhara, ambao watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kuutambua kana kwamba ni virusi. Tulipolihifadhi tu, likakamatwa, na taarifa ikaonekana kwenye kompyuta ya ofisa. Macho ya yule kijana yaling'aa, nami nilifurahi naye.

Ikabaki ile kongwe. Microsoft iliacha kuitunza Windows Server 2008 R2 tarehe 14 Januari 2020, na toleo jipya la antivirusi yetu halikuwa na mfumo huo kwenye orodha yake. Ofisa alipendekeza tuweke toleo la zamani la antivirusi hiyo. Nilikataa, nikamweleza sababu. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 kwa kupitia SMBv1, njia ya kizamani ya Windows ya kushirikiana mafaili, na hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Mashine zilizoumia ni zile zisizotunzwa. Antivirusi isiyosasishwa juu ya mfumo usiosasishwa humpa mwenye ofisi utulivu asioustahili. Tukahamisha kumbukumbu za misimu kwenda seva ya mafaili, tukazima SMBv1, tukaitoa mashine ile kwenye intaneti na kwenye mtandao wa ofisi, tukapiga marufuku flashi. Mhasibu akaandika ombi la kununua mbadala wake, nami nikatia saini kama shahidi wa kitaalamu.

Mwisho tulipanga masasisho. Orodha za virusi wapya zinashuka kila siku kwenye kompyuta moja, ambayo huzigawia nyingine, ili bando lisiliwe mara nyingi. Toleo jipya la programu yenyewe linaanza kwenye kompyuta chache za ofisi, na seva ya malipo huwa ya mwisho. Uchunguzi wa diski nzima unafanyika usiku wa Jumapili, kila seva kwa saa yake.

Nilipoaga, mama mhasibu alinipa mfuko wa korosho za kukaanga na kuniombea safari njema. Niliondoka nikiwa na hakika moja, nayo naitoa kwa kila mkuu wa ofisi na kila fundi atakayesoma hapa. Antivirusi nzuri ikiwekwa kwenye seva isiyojulikana inaweza kuleta hasara sawa na virusi vyenyewe. Jueni mlicho nacho. Chukueni nakala na mzirejeshe kwa majaribio. Ondoeni ya zamani mpaka mzizi, wekeni moja tu, ianze pale pasipoumiza, na andikeni kila mlichoruhusu. Fanyeni hivyo kabla ya msimu wenu, uwe wa korosho, wa mishahara au wa mitihani, kwa maana kilo za mkulima zilizomo ndani ya seva ni jasho lake, na hana mahali pengine pa kuzipima upya.