Macho Mekundu ya Bibi

Wasomaji wengi wamepata kusikia neno hili, na labda wengine wamelisema wenyewe, kwamba mwanamke akiisha kuzeeka, na macho yake yakawa mekundu, huyo ni mchawi. Sisi tunaofundisha hapa Lagangabilili, katika wilaya ya Itilima, hatukulisema kwa kinywa, walakini tulilitenda. Karibu na shule akaa bibi mmoja mjane, na mwaka mzima tulipita mbele ya mji wake kwa haraka ya uongo, tukimwamkia njiani pasipo kusimama. Wanafunzi walituona, wakafuata.

Mjukuu wake alipokosa kuja shuleni siku nne, ilitubidi kwenda. Tulimkuta bibi jikoni. "Mwadila, mayu," tukasema, naye akaitika, akatusogezea kigoda karibu na mafiga, maana alikuwa akisonga ugali wala hakuweza kuuacha. Asiyeijua nchi yetu na ajue kwamba kuni ni haba; nchi ni ya pamba na malisho. Mavuno yakiisha, miti ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wafe, lakini akina mama huichukua sehemu yake kwa kupikia, na isipotosha huongeza mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake ni mzito, tena wauma. Jiko lile halikuwa na dirisha. Ugali haujaiva, nasi tulikuwa tukitokwa na machozi kama mtoto mchanga. Bibi akatutazama, akacheka, akasema, "Mwalimu, leo nawe umekuwa mchawi."

Tulitoka macho yetu mekundu kuliko yake, tukapita penye duka lenye watu wengi, wala hakuna aliyetushuku neno. Nasi tulikaa jikoni nusu saa tu. Yeye yumo tangu utoto, na mwaka wa uhuru, 1961, alikuwa binti ajuaye kutwanga. Hesabu mwenyewe, msomaji.

Tena uko ugonjwa wa vikope, uambukizwao kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Ukimrudia mtu mara nyingi, kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho. Wanawake huupata kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio waleao watoto wadogo, na watoto ndio wenye kuwa nao sana. Basi mtu amepika, amelea, kisha aitwa mchawi! Wala si jina tu. Hapa Usukumani akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya dhana hii, na mara nyingine nyuma ya dhana palikuwa na tamaa ya shamba.

Kumbe mjukuu alikuwa akimwongoza bibi kwenda kisimani, kwa kuwa aliona ukungu mtupu. Tuliposema habari ya hospitali, alikataa. "Uzee hauna dawa," akasema. Hili nalo ni kosa, na wazee wenyewe hulishika kuliko vijana. Ule ulikuwa mtoto wa jicho, nao huondolewa kwa kupasuliwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Lakini dirishani aliulizwa mwaka wa kuzaliwa, akajibu, "Wakati wa njaa." Karani akaweka kalamu chini; njaa zilikuwa nyingi. Ikatupasa kurudi kwa mtendaji wa kijiji kutafuta barua, na siku mbili zikapotea.

Jicho la kuume limekwisha kupasuliwa. La kushoto, asema, lingoje mpaka palizi iishe. Kijana amerudi darasani. Juzi bibi alitutambua tungali mbali, akatuita kwa sauti, "Mwalimu! Siku hizi huna haraka?"