Kushindana na Saa

Wahenga wametuachia methali nyingi za kuusifu mwendo wa pole, nami ni mtu aliyelipwa mshahara kwa miaka 24 kwa kuzitii. Kazi yangu ni udereva wa basi mjini London. Msomaji wa visiwani huenda akadhani kwamba kosa kubwa la dereva wa basi ni kuchelewa. Sivyo. Kukitangulia kituo kabla ya wakati wake nako ni kosa, kwani abiria aliyetoka nyumbani kwake kwa hesabu ya ratiba atakuta basi limekwishaondoka. Kwa hiyo mara nyingi nimesimama kituoni, injini ikinguruma na abiria wakinung'unika, nikiingojea saa inifikie. Mtu wa namna hiyo, tena mwenye mvi, alikuwa akitafuta nini Jumamosi moja ya mwezi wa Mei mwaka jana, kichwani amevaa helmeti, mbele ya taa nyekundu ya uwanja wa mbio za magari?

Jibu ni mwanangu. Ana umri wa miaka 22, amezaliwa huko huko Uingereza, na Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Anapenda kasi kama vijana wengine wanavyopenda mpira. Mara mbili alikuwa ametozwa faini kwa kupita mwendo unaoruhusiwa, na mara ya pili mama yake alilia mchana kutwa. Mimi sikulia. Nilimsema kwa ukali ambao hata yeye uliomshangaza, na alipotaka kujua sababu ya ukali ule, niliondoka sebuleni. Baada ya wiki mbili alinijia na karatasi mkononi. "Baba," alisema, "nimepata pahala ambapo kasi si kosa." Alikuwa ameandikisha majina mawili, lake na langu, kwani katika mashindano yale watu wawili huruhusiwa kushirikiana gari moja, kila mmoja akaendesha kwa zamu yake.

Basi tuliondoka London baada ya sala ya alfajiri, sisi wawili na gari yake kuukuu aina ya Honda Civic, tukaelekea kusini hadi Goodwood, karibu na mji wa Chichester. Uwanja ule una historia ya kupendeza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa kiwanja cha ndege za kivita kilichoitwa Westhampnett, na barabara iliyokizunguka ilikuwa njia ya kuzipitishia ndege hizo. Vita vilipokwisha, mwenye ardhi ile, Duke wa Richmond, aliyekuwa mwenyewe mpenzi wa magari, aliigeuza barabara hiyo kuwa njia ya mashindano, ikafunguliwa mwezi wa Septemba 1948. Mzunguko wake ni kilomita 3.8 hivi. Mpaka leo ndege ndogo hutua na kuruka katikati yake, na nyuma yake kuna vilima vya kijani vilivyolala kama ng'ombe walioshiba.

Mashindano yenyewe si yale yanayoonyeshwa katika televisheni, ambamo magari ishirini hukimbizana na kugongana. Haya ni ya kushindana na saa. Magari hutolewa moja moja, kwa kupishana, na hakuna anayetakiwa kumpita mwenziwe. Washiriki ni watu wa kawaida: siku ile walikuwapo mwalimu wa skuli, fundi wa mabomba, na bibi mmoja mstaafu aliyekuja na kigari chekundu pamoja na birika lake la chai. Kabla ya yote mkaguzi aliikagua gari: alizitikisa roda, akaitazama mipira, akahakikisha betri imefungwa barabara na waya wake mmoja umezungushiwa utepe wa manjano, ili wakombozi wajue wa kuukata ikitokea ajali. Mbele ya gari tulibandika kibao cheusi chembamba. Kibao hicho ndicho kinachoukata mwali wa mwanga uliotandazwa njiani, na mwali unapokatwa ndipo saa inapoanza kuhesabu.

Jambo moja alilotueleza msimamizi lilinikaa moyoni. Taa ya kijani inapowaka, alisema, haikuamrishi kuondoka; inakuruhusu tu. Saa haitaanza mpaka wewe mwenyewe usogee. Vuta pumzi, kaa sawa, kisha nenda utakapokuwa tayari. Nimekaa mbele ya taa za kijani za London kwa zaidi ya miongo miwili, na nyuma yangu daima kuna mtu anapiga honi. Sikupata kuijua taa yenye subira kama ile.

Wageni tulipewa mwalimu, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, aliyetuzungusha kwanza kwa mwendo wa harusi ili tuzijue kona. Kila kona ina jina lake. Ya kwanza ni Madgwick, kona ndefu ya kulia yenye vituo viwili, na mwalimu alisema kwamba ukikosea cha kwanza hutakipata cha pili. Nikajisemea kwamba haya nayajua: ndivyo vina vya kati na vya mwisho. Kisha Fordwater, ambayo macho huiona kama si kona hata kidogo, lakini mwili huijua. Kisha St Mary's, njia inaposhuka na kupinda kushoto kwa ghafla. Kisha Lavant, na baada yake mnyooko mrefu. Halafu Woodcote, na mwisho kona fupi ya kupinda na kupindua, inayokurudisha pale ulipoanzia. "Ingieni taratibu, mtoke kwa kasi," mwalimu alituambia. "Anayeingia kwa pupa hutoka kwa aibu." Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi nikisema kwamba nilimwona mzee yule kuwa mmoja wetu. Mshairi anayeyapakia maneno mengi mwanzoni mwa mshororo hulazimika kuyakatakata mwishoni ili mizani isizidi, na kila msikilizaji humwona.

Tulipofika St Mary's mwalimu alisimamisha gari pembeni, akatuambia habari ya Stirling Moss. Moss alikuwa miongoni mwa madereva hodari kabisa wa zama zake. Tarehe 23 Aprili 1962, siku ya Jumatatu ya Pasaka, gari yake ilitoka njiani hapo hapo. Alikaa mwezi mzima bila ya fahamu, na kwa miezi sita upande wake wa kushoto ulipooza. Mwezi wa Mei 1963 alirudi Goodwood kujijaribu, bila ya watazamaji wala wapinzani, yeye na saa tu. Muda wake haukuwa mbaya. Lakini aligundua kwamba mambo ambayo zamani mkono wake uliyafanya wenyewe, sasa alikuwa akiyafanya kwa kuyafikiria. Akashuka garini, akatangaza kwamba anaacha. Moss alifariki mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 90, na katika uzee wake alikiri kwamba pengine aliharakisha kuuamua uamuzi ule.

Mwanangu alizungusha duru zake mbili za majaribio, akarudi uso ukimeta. Nikaingia mimi. Helmeti iliniziba masikio hata nikawa nasikia pumzi zangu kama mtu aliyepiga mbizi. Taa ikawaka kijani. Nilikaa. Nikapiga bismillahi, nikaachia klachi. Madgwick niliipita vizuri, na Fordwater pia. Lakini nilipoiona njia ya St Mary's inashuka, mguu wangu uliiruka breki na kuikanyaga kabla sijauambia, mbali sana na kona, nikaipita kwa mwendo wa basi lililojaa wazee. Nilivuka mstari kwa dakika 2 na sekunde 14. Mwanangu alikuwa amepata dakika 2 na sekunde 1. Na ili nisijifanye mkubwa, niseme pia kwamba mwaka 1965 Jim Clark na Jackie Stewart, kila mmoja, walimaliza mzunguko huo kwa dakika 1 na sekunde 20.4.

Wakati wa mapumziko ya mchana tulikaa juu ya majani tukila sambusa alizotufungia mama yake. Mwanangu alikuwa ameshika karatasi ya muda. "Baba," aliniuliza, "mbona St Mary's unafunga breki mapema vile? Kule hakuna kitu."

Kweli, hakuna kitu. Lakini mimi ninaiona miembe.

Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo kwa karibu miaka 40 sikuwa nimemweleza mtu. Mwaka 1986, huko kwetu Unguja, mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepeleka nazi mjini kwa Peugeot ya mjomba, na tukawa tunarudi shamba gari tupu. Mimi nilikuwa na miaka 20, yeye 17. Mkononi alikuwa amevaa saa ya baba, aliyoichukua bila ya ruhusa. Tulipofika Mwera alisema, "Kaka, tuone ni dakika ngapi mpaka nyumbani." Akawa anazitaja kwa sauti, nami nikawa nazifukuza. Kona ya mwisho ilikuwa ya kushoto, yenye mteremko, na miembe pande zote mbili. Mwembe mmoja ulitupokea upande wake. Paja lilivunjika mara mbili, na lilipounga likawa fupi kuliko lenzake. Alikuwa mchezaji wa pembeni ambaye timu za mjini zilikwisha kuanza kumwulizia.

Watu walipokuwa wanakuja mbio, yeye akiwa bado amebanwa mlangoni, aliniambia maneno mawili: "Sema ng'ombe." Basi nikasema ng'ombe. Ng'ombe alikatiza njia, nikamkwepa. Wazee wakashukuru kwamba tumenusurika, na mjomba akasamehe gari yake. Ng'ombe yule alikaa katika familia yetu miaka yote hii, akihadithiwa arusini na katika hitima, akinona kila mwaka. Mwanangu naye alikua akijua kwamba mguu wa ami yake umeharibiwa na ng'ombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiichana karatasi ya sambusa vipande vidogo vidogo. Nilitazamia aniambie kwamba mimi si mtu wa kumsema yeye kwa sababu ya faini mbili. Angekuwa na haki. Badala yake aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Kwa hivyo leo si mara ya kwanza?"

"Ya pili," nikamjibu.

Mchana tulipewa duru mbili za kuhesabiwa. Katika ya kwanza nilitaka kujionyesha kwamba mzigo umeshuka, nikaingia St Mary's kwa pupa, gari ikanipeleka nje hata mipira ikagusa majani. Wasimamizi walitikisa bendera ya manjano, na moyo ulirejea mahala pake nilipofika Lavant. Muda wangu ulikuwa mbaya kuliko wa asubuhi. Mwalimu alikuja dirishani akaniambia, bila ya kunicheka, "Asubuhi uliiogopa. Sasa umeitukana. Jaribu kuitazama tu."

Katika duru ya mwisho nilikaa mbele ya taa ya kijani kitambo kirefu, na hakuna aliyepiga honi. Nikaondoka. Njia iliposhuka niliiona miembe. Haikuondoka, na sidhani kwamba itaondoka. Lakini safari hii niliitazama, nikasubiri, nikafunga breki pale mwalimu alipoonyesha, nikaiachia gari igeuke yenyewe kama ngalawa inayoujua upepo wake. Dakika 2, sekunde 6.38. Katika daraja letu nilikuwa wa mwisho kasoro mmoja. Mwanangu alikuwa wa nne, kwa dakika 1 na sekunde 57, na njia nzima ya kurudi London aliendesha taratibu, nyuma ya malori, mikono yote miwili juu ya usukani.

Nimelifikiria sana tangu siku ile suala la kasi. Sioni tena kwamba kasi yenyewe ndiyo iliyotukosesha mwaka ule. Barabara ya shamba haikuwa yetu peke yetu. Ilikuwa ya watoto wa skuli, ya wachukuzi wa baskeli, na ya ng'ombe, laiti angekuwepo. Tuliwashirikisha watu wote katika mchezo ambao hawakuujua, kisha tukamsingizia mnyama. Katika uwanja uliofungwa umebaki wewe tu na hesabu yako, na hesabu hiyo hubandikwa ukutani wote wakaisoma. Niliitazama karatasi ile kwa makini. Ilikuwa na nafasi ya jina, ya gari na ya muda. Nafasi ya udhuru haikuwemo.

Usiku ule nilimpigia simu mdogo wangu. Kwao ilikuwa saa tano na ushei, na nilisikia redio ikizungumza nyuma yake. Nilimwambia tulikokwenda, na nikamwambia kwamba mwanangu sasa anajua. Alinyamaza kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko duru zangu zote. Kisha akaniuliza nimepata dakika ngapi. Nikamtajia, pamoja na sehemu za sekunde.

"Na ng'ombe, kaka?" aliuliza. "Leo hakukatiza?"

Nikamwambia kwamba leo hakukatiza. Akacheka mpaka akakohoa, na mkewe akaja kuuliza kulikoni.