Pikipiki ya Marehemu

Atokaye Nanyuki kwenda Isiolo huteremka. Nyuma huuacha Mlima Kenya na mashamba ya ngano ya Timau, na mbele humfungukia nchi pana, kavu, yenye migunga. Sisi wa pwani huhisi ugeni mpaka tuisikiapo adhana. Uislamu hapa ni wa tangu zamani, kwa Waborana na kwa askari wa Kisomali waliopewa makao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Asubuhi wanawake hushughulika na madumu ya maziwa ya ngamia yaendayo Nairobi.

Nilikwenda kumzuru kaka yangu. Mwanawe, kijana wa miaka 24, alikuwa ameona pikipiki ya mbio, Yamaha ya zamani ambayo mfano wake hauonekani tena barabarani. Tangu lami ifike Moyale, vijana hutamani chombo chenye kasi. Mama yake aliniomba niandamane naye.

"Wifi, nenda wewe," alisema. "Yeye amekwisha pofushwa na rangi."

Kijana alikagua vyema. Kwanza aligusa injini kuhakikisha ni baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Akachungulia kutu ndani ya tanki, akatazama nyufa za magurudumu, kisha akalinganisha nambari za fremu na injini na zile za logibuku. Zote zililingana. Mimi nikasoma jina.

"Ni la marehemu baba," muuzaji akasema. "Mimi ndiye mwanawe mkubwa."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Amewaacha wangapi?"

"Mama, mimi na dada zangu wawili. Babu na bibi walitangulia."

"Nao wameridhia?"

Akacheka kidogo. "Shangazi, hii ni pikipiki. Wanawake wana haja gani nayo?"

Nikamhesabia polepole. Baada ya kulipwa madeni na wasia, mali ya baba yake ni mafungu 32. Mjane ana thumni, yaani mafungu 4. Kila binti ana 7. Yeye ana 14. Pikipiki aliyokuwa akiiuza peke yake haikuwa yake hata nusu. Tena umiliki wa chombo cha marehemu hauhamishwi bila hati ya mahakama, na Mahakama ya Kadhi ipo papo hapo Isiolo.

Njiani mpwa wangu hakusema neno. Fedha zake alizichanga miaka miwili, na alichelea mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali. Tulipofika nyumbani ndipo akanena: "Shangazi, ningeipanda kila siku juu ya haki ya mayatima."

Jioni mjane alitupigia simu. Hakuwa akijua kwamba pikipiki inauzwa. Hakulalamika, aliuliza tu bei, kisha akanyamaza kitambo. Binti yake mdogo, alisema, alikuwa amekosa karo ya muhula ule.

Nilipoondoka Isiolo, pikipiki ilikuwa ingali uani kwao, imefunikwa turubai, na familia imekubaliana kwenda kwa kadhi pamoja. Mpwa wangu anangoja.

Enyi akina mama, mtoto akija na habari ya chombo kikuukuu, mwacheni fundi asikilize injini. Nyinyi ulizeni jina lililomo katika hati, na ni nani waliobaki nyuma yake.