Mwanza na Vijana Wake wa Mpira



Mtu akitaja Mwanza, wengi wenu mwakumbuka sangara na dagaa, au yale mawe makubwa yaliyopandana vilimani kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Wengine mwaukumbuka mji huu kwa ajili ya hospitali ya Bugando, maana ni nani kando ya ziwa hili asiyepata kumsindikiza mgonjwa kule kilimani? Leo nataka kuwatembeza Mwanza kwa njia nyingine. Tutapita viwanjani, tuwatazame watoto wanavyofundishwa mpira wa miguu, na wenye filimbi wanavyowaamua. Habari hii yawahusu ninyi wa Sengerema, Magu, Misungwi na Ukerewe kuliko hata wenyeji wa mjini, kwa kuwa vijana wengi wanaoletwa kucheza Mwanza hutoka vijijini kwenu.

Kufika si kazi kubwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika mjini hapa mwaka 1928, na gari moshi limeleta wachezaji na mashabiki tangu siku za babu zetu. Wa ng'ambo ya ghuba mna kivuko cha Kamanga. Tena, tangu Juni 2025, liko daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, ambalo mtu hulipita kwa dakika chache mahali alipokuwa akikaa juani akingoja kivuko mpaka mkate wa njiani ukamwishia.

Haya, tuseme mmeshuka Kamanga, mmeliacha nyuma jiwe la Bismarck lililosimama majini. Ingieni mjini kidogo tu, mtaukuta uwanja wa Nyamagana. Uwanja huu umetandikwa nyasi za bandia. Mvua ikinyesha hakuna matope. Lakini jua la saa nane likiwaka, mtoto asiye na viatu hatakaa pale kwa muda mrefu, maana nyasi zile hushika moto kama bati. Njooni jioni basi, upepo wa ziwa ukiwa umeanza kuvuma.

Hapo ndipo ninapotaka msimame na kutazama. Katika viwanja vingi vya nchi yetu, vya mjini na vya kijijini, utaona watoto wa miaka 8 au 9 wamepangwa 11 kwa 11 katika uwanja wa watu wazima. Mpira ukienda kulia, wote wanakimbilia kulia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mlinda mlango, maskini, amesimama chini ya goli lenye upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44, goli ambalo hata baba yake akiruka hulifikia kwa shida. Mpira ukipigwa juu unaingia, naye anazomewa. Amekosa nini mtoto huyo?

Fanyeni hesabu ndogo. Mchezo wa dakika 40, mpira mmoja, watoto 22. Kama wangegawana sawasawa, kila mmoja angekaa na mpira chini ya dakika 2, na twajua hawagawani sawasawa: wawili watatu wenye nguvu hula chungu chote, wengine hulamba mwiko. Sasa mwalimu mwenye akili hukata uwanja ule vipande vinne, akaweka mawe au kofia kuwa magoli, akacheza 4 kwa 4. Kwa dakika zile zile kila mtoto apata dakika 5 za mpira mguuni. Wala mwalimu huyo havunji sheria. Sheria za mpira za dunia zenyewe zaruhusu uwanja, goli, mpira na muda wa kucheza vipunguzwe kwa ajili ya watoto. Uko hata mpira wa namba 4, mdogo na mwepesi kuliko ule wa namba 5 wa watu wazima, uliotengenezwa kwa ajili yao.

Yawezekana mzee mmoja kati yenu anasema, "Huo ni mchezo wa kitoto." Ndiyo, mzee wangu, ni wa kitoto, maana wao ni watoto. Nipeni ruhusa niwachukue mbali kidogo, kwa watu ambao ugomvi huu wameugombana hadharani.

Ziwa letu haligandi kamwe. Lakini huko Canada na kaskazini ya Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi hata yakawa magumu kama sakafu, na watoto hucheza juu yake mpira wa magongo. Huvaa viatu vyenye bamba la chuma chini, huteleza kwa mbio nyingi, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cheusi. Uwanja kamili wa barafu una urefu wa meta 61 na upana wa meta 26. Miaka mingi watoto wadogo wa kule walichezeshwa uwanja mzima, nao waliishia kuteleza tu bila kugusa kisahani. Mwaka 2009 chama cha mchezo huo cha Marekani kilianzisha mpango mpya wa kulea wachezaji, na wadogo wa miaka 8 na chini wakaanza kucheza kwa kukata upana wa uwanja. Wako wazazi walionung'unika, wakisema watoto wao wamepunjwa. Canada nayo ilifuata baadaye. Kumbe waliojenga viwanja kwa fedha nyingi namna ile waliona faida ya kuvikata vipande, na sisi wenye kiwanja cha vumbi twaona haya!

Wala msidhani mchezo ule ni wa Wazungu peke yao. Nairobi, katika hoteli ya Panari iliyo kando ya barabara ya Mombasa, kiko kiwanja cha barafu tangu mwaka 2005, nacho ni kidogo kuliko uwanja kamili. Hapo vijana wa Kenya wameunda timu yao, na mwaka 2018 walisafiri hata Canada kucheza.

Turudi kwetu. Kutoka Nyamagana panda daladala ya kuelekea Kirumba. Utajua umekaribia kwa harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni. Uwanja wa Kirumba ndio mkubwa wa mji huu. Hapo Pamba, Toto Africans na Mbao wamewahi kuwaliza wageni kutoka Dar es Salaam. Hapo pia hukusanywa vijana wa sekondari miaka ambayo michezo ya UMISSETA ya taifa huletwa Mwanza, kama ilivyokuwa mwaka 2018. Mnajua njia yake: mtoto huchaguliwa shuleni, akaenda kata, akaenda wilaya, kisha mkoa, mwisho taifa. Ndugu zao wadogo wa shule za msingi wana UMITASHUMTA. Ni mipango mizuri, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliposimamishwa kwa muda tuliona pengo lake.

Lakini katika njia hiyo kuna nyoka, nami sitamficha. Nyoka huyo mnamwita kijeba. Mwalimu mwenye tamaa ya kombe, au kiongozi aliyeahidi mbuzi, humtafuta kijana wa miaka 19, humvalisha sare ya shule, humpa jina la mtoto mwingine, akamwingiza uwanjani kuwa wa miaka 15. Watu wanashangilia. Timu inashinda. Na wazazi wa kijeba, badala ya kukataa, wanafurahi kwamba mwana wao amepata safari.

Watazameni waliopoteza. Wa kwanza ni yule mtoto wa kweli aliyeachwa nyumbani ili nafasi yake ichukuliwe. Wa pili ni yule wa timu nyingine anayegongana na mwanamume mzima. Mwaka 2010 waganga wa Canada walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka 11 na 12 wa mpira wa barafu. Katika jimbo la Alberta watoto wa umri huo waliruhusiwa kugongana kwa mwili. Katika jimbo la Quebec hawakuruhusiwa. Wale wa Alberta waliumia zaidi ya mara 3 kuliko wenzao, na kuumia kwenyewe kulikuwa pamoja na mtikisiko wa ubongo. Mwaka uliofuata Marekani wakakataza mgongano huo kwa watoto wa umri ule, na Canada nzima mwaka 2013. Hao walikuwa watoto wa rika moja, wenye kofia ngumu kichwani. Wa kwetu hana kofia, na anayemgonga amemzidi miaka minne.

Wa tatu kupoteza ni nchi. Vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikuwa wamefuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia. Wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Kikosi kizima kikabaki nyumbani. Ilitupasa kungoja mpaka mwaka 2017 ndipo Serengeti Boys wakaonekana katika fainali hizo, kule Gabon. Na siku hizi kudanganya ni kugumu kuliko zamani: tangu mashindano ya dunia ya mwaka 2009 huko Nigeria, vijana wa kiume wa umri huo hupigwa picha ya kifundo cha mkono kwa mashine, ikaonekana kama mifupa imekwisha kufungamana. Karatasi husema miaka 16, mfupa ukasema hapana.

Mabinti zetu walituonyesha njia nyingine. Serengeti Girls walikwenda India mwaka 2022 katika kombe la dunia la chini ya miaka 17, wakawafunga Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Basi baba anayesema mpira si wa binti, naomba alisome tena fungu hili.

Sasa tuseme juu ya filimbi. Mwamuzi wa michezo ya watoto mara nyingi naye ni kijana tu, labda mwanafunzi au mwalimu mpya, na malipo yake ni soda. Nimewasikia watu wazima, wenye mvi, wakimtukana kijana kama huyo mbele ya watoto wao kwa sababu ya mpira wa kurusha. Baada ya jumapili tatu za namna hii kijana anaitupa filimbi, kisha tunalalamika kwamba waamuzi wazuri hawapatikani! Uingereza, tangu msimu wa 2019/20, katika mpira wa ngazi ya chini, mchezaji anayembishia mwamuzi na kuonywa hutoka nje akakaa dakika 10, kisha akarudi. Adhabu ya kukaa nje kidogo imezoeleka tangu zamani katika mpira wa barafu, ambako kosa dogo ni dakika 2 kitini. Naona ingefaa sana katika mashindano yetu ya vijiji. Kijana anapoa, timu yake inaonja uchungu, na hakuna aliyefukuzwa siku nzima. Natamani ingekuwapo na ya wazazi.

Na kama mna binti au kijana mwenye macho makali na moyo usiotetemeka, asiyependa sana kucheza, mwambieni kwamba filimbi nayo ni njia. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, ndiko alikotoka Jonesia Rukyaa, mwamuzi aliyepata beji ya FIFA. Mwaka 2016 alisimama katikati ya Yanga na Simba jijini Dar es Salaam, mchezo ambao wanaume wengi wangeukimbia, akautoa mchezaji wa Simba kwa kadi nyekundu na mchezo ukaisha salama.

Tumalizie safari Mahina, upande wa pili wa mji, kwenye shule za Alliance. Hapa watoto husoma darasani na kufundishwa mpira mahali pamoja, na timu ya shule hiyo ilipanda mpaka ligi kuu, ikacheza huko tangu mwaka 2018 hadi ilipoteremka mwaka 2020. Mahali pa namna hii pamezidi kuongezeka nchini, vizuri na vibaya, na baadhi yenu mtafikiwa nyumbani na mtu mwenye fulana ya michezo akisema mwanao ana kipaji, mpeni aende naye. Msimfukuze, wala msimpe mtoto siku hiyo hiyo. Mkaribisheni uji, mkae naye, mmwulize. Mtoto atasoma darasa gani, na ripoti ya shule italetwa lini? Atalala wapi, na nani hulala karibu yao? Mwalimu wake wa mpira amesomea wapi kufundisha watoto? Akivunjika mguu, nani atalipa Bugando, na je, ataendelea kusoma hapo akiwa hawezi kucheza? Karatasi mnayotiwa saini inasema nini, na nakala yenu iko wapi? Na cheti cha kuzaliwa atakachoandikishiwa ni kile kile mlichokifunga sandukuni, chenye mwaka ule ule?