Kwenye Rakuba ya Khalti, Gumbo

Ukitoka Juba mjini kuelekea mashariki unavuka Nile kwa daraja la chuma, na mabamba yake yanagongana chini ya magurudumu mpaka ufike ng'ambo. Ng'ambo hiyo ndiyo Gumbo. Barabara ya Nimule inapita hapo, na kandokando yake malori yaliyotoka Mombasa, Kampala na Gulu yamepumzika, maturubai yamegeuka mekundu kwa vumbi. Nazungumzia miaka ya kati ya 2012 na 2016. Lami ya barabara ile, kilomita 192 hadi mpakani mwa Uganda, ndiyo kwanza ilikuwa imekamilika, na karibu kila tulichokula, tulichovaa na tulichoezekea kilipita juu yake.

Tuiache barabara kuu, tuingie njia ya ndani. Tembea polepole, mvua imechimba mitaro. Hapa anakaa mama wa chai na jiko lake la mkaa, birika lililoungua kitako, na bilauri ndogo alizozipanga kifudifudi juu ya sinia. Harufu ya tangawizi na mdalasini inakupokea kabla hujamwona mwenyewe. Mbele kidogo kuna mapipa ya buluu ya maji, halafu ua wa matete, halafu mwarobaini mkubwa. Chini ya mwarobaini huo Khalti alikuwa amejenga rakuba yake: nguzo za miti, paa la nyasi lililoongezewa mabati yenye matundu, na sakafu ya udongo ambayo aliinyunyizia maji kila alfajiri ili vumbi lisirukie vitambaa.

Alikuwa mama yangu mdogo, lakini mtaa mzima ulimwita Khalti, yaani mama mdogo kwa Kiarabu, wakubwa kwa wadogo. Wakati wa vita virefu vya kabla ya uhuru yeye alikimbilia Khartoum, na huko ndiko alikojifunza kushona. Mama alikimbilia Kenya, nami nikakulia Kakuma, ile kambi ya Turkana iliyofunguliwa 1992. Tulikutana Gumbo baada ya uhuru wa Sudan Kusini, Julai 2011, kama zilivyokutana familia nyingi, kila mtu na lugha aliyorudi nayo. Khalti alisema Kiarabu cha Juba, mimi nilikuwa na Kiswahili changu cha kambini. Kiswahili hicho kikawa ajira yangu ya kwanza, kwa sababu kati ya wauza mitumba walikuwamo Wakenya na Waganda wengi, na Khalti hakupenda kununua nguo kwa ishara za vidole.

"Yalla, twende ukanisemee," aliniambia, huku akijifunga kitambaa cha lawa begani na kutumbukiza wembe na kiberiti katika mkoba.

Siku za kufunguliwa belo la mitumba tulitoka jua likiwa bado pole. Mara nyingine tulivuka daraja hadi Konyo Konyo, soko kubwa la ng'ambo ile nyingine, lakini mara nyingi tulinunua palepale Gumbo, kwenye vibanda vya kando ya barabara. Belo lilikaa katikati ya turubai, limebanwa kwa mikanda. Mwenye mali alipoikata, nguo zilifura, na harufu ile ikatoka: dawa, karatasi, makabati ya watu wa mbali. Mikono ikaingia. Nguo za juu kabisa, zile ambazo wafanyabiashara wa Gikomba huziita kamera, zilikwenda kwa waliotangulia kuinama. Khalti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anangoja.

Alikuwa akiitaka fagia, zile nguo za mwisho zinazobaki. Alitaka shati la mwanamume mwenye tumbo pana kuliko mlango, pazia lililokatwa kwa dirisha refu kuliko nyumba zetu, gauni la harusi lenye doa la mvinyo, koti la baridi ambalo hakuna mtu wa Juba angeligusa mwezi wa Machi. Mwenye mali, kijana wa Kikenya, alikuwa muungwana. Siku moja alimwona ameshika shati la milia ya buluu, akaniambia, "Mwambie mama hilo ni kubwa sana, watatosha watu wawili." Nikamfasiria.

"Kwes, vizuri," Khalti akajibu. "Wawili ninao nyumbani."

Kila nguo aliigeuza ndani nje kwanza. Aliuvuta mshono wa kwapani kwa vidole vyote, maana hapo ndipo nguo inapochokea. Aliinyanyua dhidi ya jua aone kama kitambaa kimekonda. Kisha alichomoa uzi mmoja pindoni, akauwasha kwa kiberiti. Pamba iliteketea ikawa jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua; polyester ilijikunja ikawa punje ngumu nyeusi. Kwa joto la Gumbo, punje ile nyeusi ilitosha kumfanya airudishe nguo penye rundo, hata kama rangi yake ilikuwa inaita.

Nyumbani tulizifua mara moja. Beseni lilikaa chini ya mwarobaini, sabuni ya unga ikatoa povu, na maji ya kwanza yaliyomwagwa yalikuwa na rangi ya majivu. Tulizianika juu ya ua wa matete, na kwa saa chache ua ule ulivaa mashati ya Ulaya, shuka za hospitali zisizojulikana na suruali za wavulana walioko Marekani. Jua la Juba halihitaji muda. Mama wa chai hajamaliza kumimina duru ya pili, nguo tayari zimekakamaa na zinanukia mwanga. Ndipo pasi ya mkaa ikaja, nami nikapuliza makaa na kulijaribu joto lake kwenye kipande cha kitambaa kikuukuu, nisije nikaacha alama.

Kabla ya kushona tulifumua. Ningependa ukae nami hapa kidogo, kwenye mkeka, kwa sababu kazi hii hufanywa kimya na watu huipita bila kuiona. Khalti alivunja wembe nusu, upande mmoja akauzungushia kitambaa usimkate, akauingiza ulimi wake chini ya mshono. Alikata kishono kimoja, akaruka viwili, akakata tena, kisha akavuta uzi mrefu ukatoka wote bila kuumiza kitambaa. Kola ikaachana na shingo, mkono ukaachana na bega. Mwishoni shati lilikuwa halipo tena, vimebaki vipande bapa tu juu ya mkeka. Khalti alivisoma. "Huyu alikuwa na haraka," alisema akipitisha kidole kwenye mshono uliopinda. Pengine: "Tazama huyu, anajua mkono wake." Mimi nilimsomea lebo: Bangladesh, Uturuki, Honduras. Alitikisa kichwa kwa heshima. Hakuwahi kufika huko, lakini alikuwa amekutana na mwanamke wa huko kwa njia ambayo hata aliyeivaa nguo ile miaka mitatu hakukutana naye.

Kilichofumuliwa hakikutupwa. Vifungo viliingia katika makopo ya maziwa ya Nido, vikubwa kwa vikubwa, vya chaza kando. Zipu zilifungwa mafungu kwa uzi. Bitana za satini zilikunjwa ndani ya foronya. Lastiki zilivutwa moja moja, na iliyorudi upesi ndiyo iliyowekwa akiba.

Kisha cherehani ikaanza. Ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, dhahabu ya maua yake imefutika pale mikono ilipopita. Umeme Gumbo ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa ya wenye mafuta. Cherehani ya Khalti ilikula tone la mafuta Jumatatu na ikafanya kazi wiki nzima. Sauti yake ilipanda na kushuka kwa mwendo wa kanyagio, na majirani walijua kwa kusikia kama anashona mshono mrefu wa upande au anazunguka kola. Mkanda wa ngozi ulilia ukikaribia kukatika. Nje, konda wa matatu aliita abiria wa mjini, na kutoka misheni ya Wasalesiani wa Don Bosco kelele za watoto wa shule zilikuja na upepo.

Shati lile la milia likawa magauni mawili. Mgongo wake mpana ulitoa sketi ya marinda ya mtoto mkubwa. Sehemu ya mbele, vifungo vyake vikiwa bado vimepangana, ikawa mgongo wa gauni la mdogo, ili dada yake amsaidie kuvifunga. Mikono ikageuka mifuko. Pazia likawa sketi ya mwalimu. Miguu ya jinzi ikawa mikoba ya shule yenye mkanda wa bega. Koti la baridi lilitoa bitana ya gauni la ndani, na sufi yake ikajaza viti vya pikipiki za vijana wa bodaboda. Kwenye kila nguo Khalti aliweka kipande cha kitenge, ukanda mwembamba ndani ya kola au kwenye mdomo wa mfuko, kutokana na mabaki waliyomwachia wateja wenye kitambaa kipya. Ukiona ukanda huo Jumapili barabarani, ulijua nguo imepita chini ya mwarobaini.

Alasiri, kazi ya mashine ikipungua, wanawake wa jirani walikuja na milaya zao. Walitandaza shuka magotini, shuka nyeupe za mtumba zilizochemshwa, wakatarizi tausi, maua na mashada kwa nyuzi za rangi kali: waridi, kijani, manjano ya kiini cha yai. Milaya hutandikwa kitandani mgeni akija, na bibi harusi huhesabiwa heshima yake kwa hizo. Shuka iliyokuwa imelaliwa na watu wasiojulikana ikawa kitu cha kufunguliwa kwa vigelegele. Huko ndiko nilikojifunza kwamba haja ilitupeleka sokoni, lakini kilichotuweka hadi giza pale ni kupenda uzuri. Hakuna haja inayodai tausi awe na manyoya ya rangi saba.

Pasaka moja mama kadhaa walikuja na binti zao waliokuwa wakijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza katika parokia ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Magauni meupe ya dukani yalikuwa ghali. Khalti akafungua foronya zake. Akatoa mashati meupe ya ofisini, mapazia mepesi, na lile gauni la harusi lenye doa. Kila binti alipimwa akiwa amesimama wima, mikono kando, pumzi ameizuia. Hakuna magauni mawili yaliyofanana: moja lilikuwa na mikunjo midogo kifuani, lingine kola ya duara, lingine mikono ya wavu. Lakini satini safi ya gauni la harusi aliikata mikanda ya kiuno, ikawatosha wote. Asubuhi ya siku yenyewe walipita njiani wamepakwa mafuta, nywele zimesukwa upya, mikanda ile inametameta, na mama wa chai akaacha jiko lake akapiga vigelegele. Khalti alisimama kwenye mlango wa rakuba, pini zikiwa bado kinywani, akitazama mapindo kama yako sawa.

Vita vya Desemba 2013 vilikuja, na siku nyingi cherehani ilinyamaza. Baadaye familia zilizokimbia zilipata hifadhi kwa Wasalesiani, na Khalti alishona vipimo vidogo tu, vya watoto, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoulizwa. Julai 2016, mapigano yaliporudi, tuliondoka kwa barabara ileile ya Nimule. Alikifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani kwake kwa bisibisi, akakifunga kwa kipande cha koti la baridi, akakipakata mpaka Uganda.

Sasa nashona Kampala, si mbali na soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo wengi bado huliita Owino. Tangu 2022 mbunifu Bobby Kolade, kwa lebo yake ya Buzigahill, huchukua mitumba ya mji huu, huifumua na kuiunda upya, kisha huiuza kwenye nchi zilikotoka nguo hizo. Nilifurahi nilipoziona kazi zake, na nawaza kwamba heshima anayopewa mbunifu inawastahili pia wanawake wa Gumbo, ambao walifanya kazi hiyo bila jukwaa wala picha. Walikuwa wabunifu. Walijua kitambaa, walijua mwili, walijua rangi.

Khalti amezeeka, na mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano. Bado hukagua nguo zangu kwa kuzigeuza ndani nje, akitafuta kitu kimoja: upana wa kitambaa nilichoacha ndani ya mshono na ndani ya pindo. Kule Gumbo hakuwahi kukata pindo fupi. Gauni la mtoto alilikunjia vidole vinne, kwa kuwa mtoto atarefuka, na baada yake atalivaa mdogo wake, na baada ya huyo mtu tusiyemjua. "Mwachie anayekuja," husema, na ikiwa nimebana sana, hunirudishia nguo nifumue. Wanagenzi wangu nawafundisha hivyohivyo. Kabla sijawaruhusu kugusa mkasi, kila mmoja apime pindo kwa vidole vyake vinne.