Sitini na Tisini

Desemba mwaka jana nilishuka kwa boda nje ya nyumba yetu, mkoba mgongoni, na nikasikia taarifa za saa moja kabla hata sijafungua geti. Nilisikia kila kitu: msomaji habari, waziri, matangazo ya sabuni. Nikapita kwa mlango wa jikoni hadi sebuleni, na hapo nikamkuta mama ameketi kwenye kiti kilichovutwa karibu kabisa na TV, rimoti mkononi, akiongeza sauti.

"Hii TV imezeeka," akaniambia hata kabla ya salamu.

Nyumbani huwa tunamwita Baba. Usishtuke. Kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata, na Wakenya wengine hawajawahi kuchoka kutucheka kwa hilo. Lakini hapa nitamwita mama ili tusipotezane.

TV haikuwa imezeeka. Niliinunua mwenyewe, inchi 32, miaka mitatu tu iliyopita. Lakini nilikuwa na jibu tayari. TV hizi nyembamba spika zake ni ndogo kama sarafu, na nyingi zimegeuzwa chini au nyuma, kwa hivyo sauti inaenda kuongea na ukuta. Dawa yake ni mfumo wa sauti. Na mimi nilikuwa na shilingi 25,000 za chama, zamu yangu ikiwa imefika mwisho wa Novemba.

Acha niseme ukweli. Sehemu kubwa ya mimi ilifurahi. Nimeota kuwa na redio kubwa tangu nikiwa mdogo, ile ambayo ukiiwasha jirani anajua umerudi. Sasa nilikuwa nimepata sababu yenye heshima: namnunulia mama.

Kesho yake nikaingia duka moja mjini. Muuzaji alikuwa na wufa refu kama meza, taa za buluu zikizunguka, na kwenye kioo chake stika imeandikwa PMPO 10,000W. Aliiwasha nikasikia besi ikinigonga kifuani. Sikuuliza swali hata moja. Nililipa 9,500, nikaibeba mwenyewe hadi nyumbani, nikaiunganisha, nikamwita mama aketi.

Vikombe vilitetemeka kabatini. Mtoto wa jirani alikuja kuchungulia dirishani. Mimi nilikuwa natabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani. Mama aliketi akisikiliza kwa adabu kwa dakika tano hivi, mikono magotini, halafu akasema, "Mwanangu, naisikia ikitembea, lakini sisikii inasema nini."

Nilidhani anatania. Nikapunguza besi, nikaongeza sauti, nikamuuliza habari iliyosomwa sasa hivi ilikuwa ya nini. Akasema ni ya shule. Ilikuwa ya barabara. Nikauliza tena kwa habari iliyofuata, akacheka, akasema anaenda kuangalia ugali.

Sikuelewa siku hiyo. Nilielewa Alhamisi, sokoni.

Mama anauza mitumba ya watoto Daraja Mbili tangu nikiwa darasa la pili. Kama hujawahi kufika, fikiria mteremko mzima uliofunikwa kwa maturubai, nguo, viatu, ndizi, mboga, na watu waliotoka hadi Nyamira na Migori kuja kununua. Kila muuzaji ana sauti yake, na wale wasiotaka kuchoka wana vipaza sauti vya betri vilivyorekodiwa maneno mawili: mia-mia-mia, chagua, mia-mia-mia. Kimoja cha aina hiyo kimekuwa mita mbili kutoka kwa kichwa cha mama kwa miaka mingi.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikipanga fulana. Mteja akashika suruali ya mtoto, akasema, "Nipatie na sitini."

"Sawa, chukua," mama akajibu haraka, na mimi nikashangaa. Mama hauzi suruali sitini. Mteja akatoa noti ya hamsini na sarafu ya kumi, akaenda zake. Mama akaangalia pesa mkononi. Akaziangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuhesabu shilingi sitini. Halafu akazitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kupanga.

Alikuwa amesikia tisini.

Sema maneno hayo mawili polepole: sitini, tisini. Irabu ni zilezile, i-i-i. Kinachoyatofautisha ni s na t tu, nani ametangulia. Ukiondoa herufi hizo mbili, bei ya sitini na bei ya tisini ni sauti moja. Nilikaa pale nikijiuliza ni suruali ngapi zimeenda hivyo, na kwa nini hajawahi kumwambia mteja hata mmoja arudie.

Jioni hiyo niliirudisha wufa dukani. Nikaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudi. Nikaiuza kwa kinyozi mmoja kwa 7,000, nikameza hasara yangu, na nikateremka kwa fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda sokoni. Nilimweleza yote, hata stika.

Alicheka. "PMPO ni ya kuuza. Siku nyingine igeuze, usome mgongoni. Imeandikwa inakula wati 60. Sasa mashine inayokula 60 itatapika 10,000 ikitoa wapi?" Akanifundisha kutafuta neno RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kutoa mfululizo bila kukohoa.

Halafu akaniuliza, "Wewe unataka kusikia ama unataka kusikika?"

Juu ya meza yake kulikuwa na mashine mbili zilizotoka Uingereza. Ya kwanza ilikuwa amplifaya ya muziki, uso wa fedha, na vioo viwili vyenye sindano zinazocheza sauti ikipita. Niliipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa risiva ya Yamaha, nyeusi, imekwaruzwa, haina urembo wowote. Mgongoni ilikuwa na matundu mengi kuliko ukuta wa posta.

Fundi akagonga ile nyeusi. Amplifaya ya kawaida, alisema, inachukua sauti na kuikuza, basi. Risiva inaikuza na pia inaigawa. Sinema ikirekodiwa kwa mtindo wa 5.1, kuna spika tano na moja ya besi. Mbili za mbele hubeba muziki, mbili za nyuma hubeba mvua na risasi, na ile ya katikati, inayokaa chini ya TV, hubeba maneno ya watu. Hata matangazo yakija kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, risiva yenye Dolby Pro Logic hutafuta kile kilicho sawa pande zote mbili, ambacho mara nyingi ni sauti ya anayeongea, na kukisukuma katikati. Ukishakuwa na maneno kwenye spika yake, unaweza kuyaongeza peke yake na kuacha ngoma pale zilipo.

"Masikio yakianza kuchoka," akasema, "huanza kupoteza sauti za juu. S, t, f, k. Besi inabaki. Wewe umemwongezea omong'ina kile ambacho bado anacho."

Sikuwa na la kusema.

Akanipa masomo mengine nikiwa nimesimama, na nitayaandika kwa sababu yatakuokolea pesa. Tazama volti kwanza. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na ukiichomeka kwenye 240 yetu utanusa kosa lako. Ya Uingereza inakubali stima yetu, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Pili, tazama omu. Spika nyingi zinazokuja na mifumo ya boksi moja ni za omu 3, na risiva iliyoandikwa 6 au zaidi itapata joto na kujizima, au kufa. Tatu, tazama itakavyoongea na TV. Mlango wa HDMI wenye ARC, unaorudisha sauti kutoka TV kwa waya uleule, ulikuja 2009, kwa hivyo mashine ya zamani zaidi haina. Lakini kama ina tundu la waya wa mwanga, ule unaowaka wekundu nchani, na TV yako inalo, hiyo inatosha.

Nilikuwa bado naangalia zile sindano.

"Usiamue," akasema. "Masikio si yako. Mlete mwenye masikio."

Kumleta mama haikuwa rahisi. Alisema ana kazi. Alisema TV si muhimu. Mwishowe nilimwambia fundi ana nguo za watoto wake za kuuza, uongo ambao bado ananidai, na jioni moja baada ya soko akaja, mvua ikinyesha juu ya mabati.

"Bwairire, omong'ina," fundi akamsalimu, akampa kiti kizuri.

Kisha akafanya kitu ambacho sikutarajia. Akachukua gazeti, akafunika mdomo wake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Omong'ina, leo soko limekuwaje?"

Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Fundi akashusha gazeti na kurudia swali lilelile, polepole, akimtazama. "Aa, soko halikuwa baya," mama akasema.

Alikuwa anasoma midomo. Kumbe ndiyo maana kiti kilivutwa karibu na TV. Kumbe ndiyo maana aliacha redio, yeye ambaye asubuhi zote za utoto wangu zilianza na Egesa FM. Tulipomuuliza, alikuwa akisema redio siku hizi haina maneno. Alikuwa anasema kweli tupu, na sisi tulikuwa tunacheka.

Fundi alijirekodi kwa simu akitaja namba, akazipitisha kwanza kwenye amplifaya ya sindano, spika mbili. Sitini. Tisini. Sabini. Mama akapata moja kati ya tatu, na hiyo alibahatisha. Akahamia kwenye ile nyeusi, spika ya katikati peke yake, akapunguza besi, akapandisha sauti za juu. Mama alifumba macho.

"Tisini," akasema. Kisha, "Sitini." Kisha akafungua macho, akaniangalia mimi, si fundi, na nikajua amejua kwamba siku ile sokoni nilikuwa nimeona.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mvua ndiyo iliongea.

"Mashine si hospitali," fundi akasema mwishowe, kwa upole. "Mpeleke apimwe."

Nililipa 12,000 ya risiva na 3,000 ya spika ya katikati. Za kushoto na kulia tulipata kuukuu, omu 8, kwa 2,500. Spika ya besi sikununua, na ukinijua utajua hiyo iliniuma kiasi gani. Nyumbani niliweka ile ya katikati kwenye stuli chini ya TV, nikaiinua kidogo kwa kipande cha mbao ielekee masikio ya mtu aliyeketi. Kwenye menyu kuna sauti ya kupima, shhh inayozunguka spika moja baada ya nyingine. Nikaiacha izunguke, nikaongeza ya katikati desibeli nne juu ya zingine. Nikachomeka kila kitu kwenye TV guard, na mama ana sheria yake: ngurumo ya kwanza, plagi zote nje. Kisii si mahali pa kubishana na radi.

Tulienda kupima Januari. Daktari wa masikio alichora mstari unaoanza juu na kushuka upande wa kulia kama barabara ya kuteremka sokoni, akatuonyesha pale s na t zinapoishi. Hakulaumu kipaza sauti peke yake. Alisema umri na kelele hufanya kazi pamoja. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kipaza sauti cha mita mbili hakijui kikomo. Vifaa vya kusikia vipo, bei yake inazidi risiva mara kadhaa, na chama kinajua sasa zamu yangu ijayo ni ya nani. Kwa sasa amehamisha kibanda upande wa pili wa mstari, karibu na wauza mboga, ambao hupiga kelele kwa midomo yao wenyewe.

Aprili nilirudi tena nyumbani, saa ileile ya taarifa. Pale getini sikusikia kitu. Nilidhani stima imepotea. Nikaingia, nikamkuta mama kwenye kiti chake cha zamani, kule ukutani, miguu juu ya stuli, akichambua mboga bila kuangalia TV kabisa. Waziri akasema jambo. Mama akaguna, "Uongo."

Kesho yake tukaenda soko pamoja. Mteja akainua sweta ya mtoto, akataja bei huku akiangalia simu yake. Mama hakuitikia kwa kichwa. Alimgusa mkono.

"Niangalie," akamwambia. "Sasa rudia."